Kufunga vani peke yake haitoshi

Eshanjeri iko na upande wa moto na upande wa baridi. Mwenye kufunga mumoja na kusahau mwingine anajitegea mutego mwenyewe. Leo tunaeleza namna ya kufunga matiyo yake mbele ya matengenezo, na sababu ya kila hatua.

Hapa Likasi, tangu siku muji ulikuwa unaitwa Jadotville, jamaa nyingi zinakula kwa sababu ya kitu kinachopita mu matiyo. Kiwanda cha Shituru kilianza mu 1929, siku za Union Minière, na kazi yake watoto wa Kikula na wa Panda wanaijua hata kama hawajavuka geti: mawe ya shaba yanayeyushwa mu asidi, ile maji ya buluu inasafishwa, kiisha umeme unavuta shaba mpaka inashika ku katodi. Mu kazi za namna hiyo kuko maji ya kupasha moto, na kuko asidi ya kupoza. Chombo kinachofanya ile kazi tunakiitaka eshanjeri.

Kwa wale wanaobaki nyumbani, eshanjeri si kitu cha ajabu. Mama anayeweka chupa ya maziwa ya mutoto mu sufuria ya maji ya moto anafanya eshanjeri: moto unapita mu ukuta wa chupa, lakini maziwa na maji hayakutani. Mu kiwanda ni vile vile. Kuko eshanjeri ya matiyo membamba yaliyofungwa ndani ya tumbo kubwa la chuma, na kuko eshanjeri ya masahani yaliyobanwa pamoja kama kurasa za kitabu. Upande mumoja unapita muvuke ao asidi ya moto, upande mwingine yanapita maji ya kupoza ao maji ya elektrolizi.

Miezi inapita. Chumvi na matope yanashika ndani, sawa ukoko wa bukari chini ya sufuria, na moto haupiti tena vizuri. Ao tiyo moja inatoboka. Pale njo wanaita ekipi ya matengenezo. Na pale njo mutu anainamisha uso wake karibu na brida iliyokuwa na muvuke ao asidi ndani, saa moja tu mbele.

Kazi ya kuhakikisha kama hakuna kitu kitamurukia ile saa iko na jina: konsinyasio. Wengi wanafikiri maana yake ni kufunga vani. Kufunga vani ni mwanzo tu.

Hesabu milango yote

Eshanjeri ndogo kabisa iko na milango mine: moto unaingia, moto unatoka, baridi inaingia, baridi inatoka. Kiisha kuko milango ya kando: robine ya juu ya kutoa hewa, robine ya chini ya kumwanga maji, tiyo ya kusafishia, tiyo ya kupita pembeni wakati eshanjeri imesimama, na katiyo kadogo ka manometri. Kila mulango ni njia ya kitu kuingia.

Njo maana kapita anayejua kazi haanzi na ufunguo wa buloni. Anaanza na mupango wa matiyo ku karatasi, kiisha anatembea pa kiwanda na ile karatasi, anafuata kila tiyo kwa kidole mpaka ku vani yake. Kwa sababu karatasi inaweza kusema uongo. Tiyo iliyoongezwa mwaka jana wakati wa haraka, pengine hakuna aliyeichora. Kama tiyo iko pa ukuta na haiko pa karatasi, kazi inasimama mpaka ijulikane inatoka wapi.

Funga moto mbele, baridi nyuma

Sheria ya pili ni fupi, hata mutoto anaweza kuishika: wakati wa kusimamisha, moto unatoka mbele; wakati wa kuwasha tena, baridi inaingia mbele. Kama karatasi ya kazi ya kiwanda chako inasema ingine kwa ile mashini, fuata karatasi, lakini uliza sababu.

Kwa nini? Chukua bido ya maji. Ijaze mpaka juu kabisa, funga kifuniko nguvu, iache mu jua ya mwezi wa kumi. Jioni utaikuta imevimba tumbo. Maji yakipata moto yanatafuta nafasi. Bido ya plastiki inakubali kuvimba. Chuma hakikubali. Mu chombo cha chuma kilichojaa maji bila hewa hata kidogo, digrii moja tu ya joto inaweza kupandisha presio bari kadhaa. Digrii kumi ao makumi mawili, brida inaachia ao tumbo linapasuka.

Sasa mutu aliyefunga upande wa baridi mbele, akaacha muvuke unaendelea kupita upande wa moto, ametengeneza ile bido. Maji ya baridi yamefungwa pande zote mbili, na moto unaendelea kuingia. Muvuke wa bari 5 uko karibu na digrii 159. Hautapoa kwa sababu wewe umechoka.

Na hata kama unafunga moto mbele, usiache upande wowote umejaa na kufungwa kila mahali. Kitu kilichofungwa lazima kiwe na pa kupumulia: ao supapi ya usalama iko wazi kwake, ao robine ya juu imefunguliwa mahali pasipo na watu.

Houston, 2008

Ile si hadithi ya kutisha watoto. Mu 2008, ku Houston, jimbo la Texas mu Marekani, kiwanda cha Goodyear cha kutengeneza kauchu kilikuwa na eshanjeri inayopoza kemikali kwa amonia. Tarehe 10 ya mwezi wa sita, watumikaji walifunga vani iliyo kati ya eshanjeri na supapi yake ya usalama, kusudi wabadilishe kasahani ka chuma kalichopasuka chini ya ile supapi. Kasahani kakabadilishwa. Lakini vani haikufunguliwa tena.

Kesho yake asubuhi, mutumikaji wa zamu akafunga vani ingine, ile iliyo kati ya eshanjeri na vani inayoongoza presio ya amonia, kiisha akatuma muvuke mu matiyo ili ayasafishe. Muvuke ukapasha amonia. Amonia haikuwa na njia ya kutoka: vani ya kwanza imefungwa, ya pili imefungwa. Eshanjeri ikapasuka. Mutumikaji mumoja akafa, wengine wakaumia.

Angalia vizuri. Hakuna mujinga mu ile habari. Kila mutu alifunga vani kwa sababu ya kazi yake. Lakini aliyefunga ya pili hakujua ya kwanza ingali imefungwa. Vani mbili nzuri zikazaa kifo kimoja.

Na kuko jambo ingine. Nyuma ya mulipuko, wakubwa walifikiri watu wote wamehesabiwa. Yule aliyekufa, mwili wake ulipatikana masaa kadhaa nyuma, chini ya vifusi. Orodha ya watu ni sehemu ya konsinyasio sawa vile kadena.

Miaka mitano nyuma, tarehe 13 Juni 2013, mu Geismar, jimbo la Louisiana, mutego ulikuwa ule ule. Eshanjeri ya akiba ilikuwa imesimama miezi mingi, imefungiwa mbali na supapi yake, na ndani kulikuwa gazi ya propani iliyokuwa maji maji, bila watu kujua. Maji ya moto yakafunguliwa kwake. Watu 2 wakafa, na 167 wakaumia. Eshanjeri inayolala si eshanjeri iliyokufa.

Robine isiyotoa kitu

Vani zimefungwa. Sasa inabaki kutoa kile kilicho ndani. Hapa kuko uongo wa kwanza wa kazi yetu: mutu anafungua robine ya chini, hakuna kitu kinatoka, anasema: « Iko bule, tuendelee. »

Robine ya chini ni mahali matope na chumvi vinapenda kukaa. Inaweza kuziba kabisa na nyuma yake kukabaki lita mingi za asidi. Manometri nayo inaweza kuziba na kuonyesha zero siku zote, hata mu siku ya mulipuko. Zero ya manometri moja si ushahidi. Ushahidi ni alama mbili tofauti zinazosema neno moja: robine ya juu inavuta hewa, ya chini imemwanga kiasi unachojua kiko ndani, chuma kimepoa ukipima, manometri inashuka mbele ya macho yako wakati presio inatoka. Kama robine imeziba, izibuliwe kwa njia iliyoandikwa ku permi ya kazi, mutu akiwa amesimama pembeni, si mbele ya tundu.

Tukumbuke pia kama Likasi iko juu, karibu metre 1 300. Hapa maji yanachemka karibu digrii 96, si 100. Maji ya digrii 120 yaliyofungwa mu presio ni matulivu. Ukiyafungulia ghafula, sehemu yake inageuka muvuke papo hapo, na lita moja ya maji inapogeuka muvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1 600. Ile muvuke, pamoja na maji ya moto inayorusha, njo inaunguza uso wa mutu.

Kwa asidi kali ya sulfuri, kuko makatazo mawili. La kwanza: usimwange maji juu ya asidi iliyobaki ndani. Inapanda moto na kuruka. Asidi inatoka yote mbele, mu tanki yake, na kusafisha kunafuata karatasi ya kiwanda. La pili: kama tiyo imetoboka na maji yameingia mu asidi, ile asidi iliyolegea inakula chuma haraka kuliko asidi kali, na inapokula inatoa gazi ya hidrojeni. Hidrojeni haina harufu, na cheche moja inatosha. Basi hakuna kusude, hakuna kukata kwa meule pa eshanjeri ya asidi mpaka gazi ipimwe na ndani kupite hewa safi.

Asidi wenyeji wa Katanga wanaijua. Mu mwezi wa pili wa 2019, lori la asidi lilianguka pa Kabwe, ku barabara ya Kolwezi, na watu karibu 20 wakafa. Wale hawakuwa hata mu kiwanda.

Kadena yako, ufunguo wako

Vani iliyofungwa kwa mukono inafunguliwa kwa mukono. Ku Likasi kuko tena mukono mwingine, na haulali: umeme, ile tunaitaka kura. SNEL inakata, kila mutu anakaa chini, pompi inanyamaza, kelele inaisha. Mutu anaona kimya, anafikiri mashini imesimama. Kimya si konsinyasio. Umeme ukirudi, pompi isiyofungwa ku tablo inaweza kuanza yenyewe, na vani inayoendeshwa na umeme ao na hewa inaweza kufunguka bila mutu kugusa kitu.

Njo maana kuko kadena. Kadena moja ku tablo ya pompi, kadena ku kila vani, na kikaratasi chenye jina, tarehe na kazi. Kila mutu anayeingiza mikono yake mu ile kazi anaweka kadena yake, na ufunguo wake unakaa mu mufuko wake. Si mu mufuko wa kapita, si pa meza ya ofisi. Kama watu ni sita, kadena ni sita. Kadena ya mwisho ikitoka, njo mashini inarudia kuishi.

Kiisha jaribu. Mutu wa tablo abonyeze kitufe cha kuanza, wote wakiwa mbali. Kama pompi inazunguka, mulifunga pompi ya jirani. Ile inatokea mu viwanda vyenye pompi tatu zinazofanana, zenye namba zilizofutika. Nyuma ya kujaribu, kitufe kirudishwe pa kusimama.

Kwa asidi na muvuke, vani moja haitoshi hata kama iko na kadena. Vani za zamani zinavuja kidogo kidogo, na ile kidogo inakusanyika. Inahitajika kuwa vani mbili na kati yao robine ndogo wazi, ili kinachovuja kitoke pale kabla ya kukufikia. Ao, vizuri zaidi, sahani nzima ya chuma iliyobanwa kati ya brida mbili. Sahani haina mukono wa kuzungusha, haina umeme, haidanganyiki. Na kila sahani ihesabiwe na kuandikwa, kwa sababu ile itakayosahauliwa ndani itakuwa shida ya kesho.

Buloni ya kwanza

Hata wakati kila kitu kimefuatwa, fungua brida ya kwanza sawa vile iko na presio ndani. Anza na buloni zilizo mbali na wewe, ulegeze, usiitoe. Brida ikipumua, itapumua upande wa kule, si usoni kwako. Simama pembeni, upepo uko mugongoni kwako, kifuniko cha uso kimeshuka, mikono na mwili vimefunikwa na nguo isiyopitisha asidi. Ngoja. Kama hakuna kitu, legeza zingine. Buloni mbili zibaki mpaka mwisho.

Na mbele ya ile yote, mutu mumoja aende ku dushi ya usalama, avute kamba, aone maji yanatoka. Dushi bila maji ni chuma cha kupaka rangi. Siku umeme umekatika na maji yamekatika, kazi ya asidi inangoja.

Posti inabadilika, kadena inabaki

Hatari kubwa ya Houston ilizaliwa kati ya siku moja na ingine. Kwetu vilevile: posti ya asubuhi inafunga, ya saa nane inakuta, ya usiku inawasha. « Baliisha kumaliza, washa tu, » mutu anasema ku simu. Neno la simu halifungui kadena.

Wanaotoka na wanaoingia wakutane pa eshanjeri yenyewe, si mu basi. Wanaotoka waonyeshe kila vani, kila sahani, na supapi ya usalama iko mu hali gani. Anayeingia aweke kadena yake mbele ya mwenzake kutoa yake. Kama mutu amerudi nyumbani na kadena yake imebaki, anaitwa. Haikatwi kwa msumeno kwa sababu bosi anataka tani zake.

Wakati wa kuwasha, njia inarudi nyuma: vyombo vihesabiwe, watu wahesabiwe kwa majina, sahani zitoke, supapi ifunguliwe kwa upande wake, robine zifungwe, kadena zitoke moja moja. Kiisha baridi mbele, polepole, hewa itoke juu. Nyuma yake moto, polepole zaidi.

Jurnalie naye ni mutu

Siku hizi wengi wanaoingia mu eshanjeri si watu wa kiwanda chenyewe. Ni watu wa sutretansi, ao jurnalie aliyechukuliwa asubuhi pa geti. Anapewa ufunguo wa buloni, hapewi kadena. Hajui upande gani uko na asidi. Anaogopa kuuliza, kwa sababu nyuma yake kuko wengine ishirini wanaongoja nafasi.

Kodi ya kazi ya 2002 haisemi kama usalama ni wa mwenye mukataba mukubwa tu. Inamulazimisha mwajiri kulinda afya na maisha ya watumikaji, na inataka kuwe kamati ya usalama na usafi pa kazi. Ajali ya kazi inapaswa kutangazwa, na CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS, iko na sehemu nzima ya ajali na magonjwa ya kazi. Lakini mutu asiyeandikwa, ni nguvu kumulipa. Mwulize delege wa sindika wa pale: jina langu liko wapi? Ni swali la heshima, si la vita.

Na kapita mukubwa anayesoma hii: jurnalie akisema « Patron, ile vani ya pili naona haina kadena », hajakupotezea dakika kumi. Amekuokolea muzigo wa kwenda kubisha mulango wa mujane.

Kwa wale wa nyumbani

Mama, baba akitoka posti ya asidi, salopeti yake isiingie mu nguo za watoto. Ioshwe peke yake, mu maji mingi. Asidi ikimurukia mutu, ku mukono ao ku jicho, dawa ya kwanza ni maji safi, mingi, yanayopita, dakika 15 ao zaidi, mbele ya kukimbia lupitalo. Nguo iliyolowa itoke palepale, haya baadaye. Si mafuta, si majani, si dawa ya meno.

Mujue jina la kampuni inayomulipa kweli, si lile la geti tu. Mushike nakala ya mukataba na namba yake ya CNSS mahali pakavu. Na asubuhi kama hakulala kwa sababu ya mutoto mugonjwa, umwambie aseme vile ku kapita mbele ya kushika buloni. Usingizi unaosahau vani moja ni sawa na vani iliyosahauliwa.

Eshanjeri inaweza kungoja mpaka kesho. Shaba iko mu udongo wa Katanga tangu mbele ya babu zetu, haitakimbia kwa sababu ya kadena sita.